Fulana za Misambi

"Simama tena kama ulivyosimama jana," alisema Deodata.

"Jana nilikuwa nacheza."

"Basi cheza."

Ndikuriyo alitazama huku na huku. Chumba cha ushonaji cha parokia kilikuwa kimejaa: cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na maboksi mawili ya fulana nyeupe zisizo na maandishi yoyote. Hapakuwa na nafasi ya mtu kurusha mpira. Hata hivyo alijisogeza katikati, akakutanisha mikono kifuani kana kwamba ameshika mpira, akainua mguu wa kushoto mpaka goti likakaribia kidevu. Akaganda hivyo, kwa mguu mmoja, macho ameyakaza ukutani kwenye picha ya Bikira Maria.

"Usicheke," Deodata alimwonya.

"Anayecheka ni wewe."

Ilikuwa kweli. Deodata alibana midomo, akainamia karatasi yake. Alichora shingo ndefu. Alichora mgongo ulionyooka. Alipofika kwenye mguu uliokunjwa alilazimika kuinua macho na kumtazama, na alipomtazama akakawia. Kazi yenyewe ndiyo iliyompa ruhusa. Bila karatasi ile mkononi, msichana wa Kihangaza angethubutu vipi kumkazia macho hivyo mwanamume asiye ndugu yake, mchana kweupe?

"Mguu unaniuma."

"Vumilia kidogo."

"Bado hujamaliza tu?"

Alikuwa amemaliza zamani. "Bado," alisema.

Besiboli ililetwa na Bwana Morita, Mjapani aliyekuja kuchimba visima. Alifika na magongo na glavu za ngozi ndani ya gari la mabomba, akaanza kuwafundisha vijana wa kambi ya wakimbizi ya Lukole kila jioni. Vijana wa vijiji vya jirani wakaenda kutazama, wakacheka, wakaishia kucheza. Timu ikawa moja, nusu Warundi na nusu Wahangaza, na kwa kuwa lugha zao zinasikilizana, refa alitukanwa na pande zote mbili bila kuhitaji mkalimani. Bwana Morita alipohamishiwa Biharamulo, Mwalimu Philbert wa shule ya msingi ndiye aliyebaki nayo.

Na Ndikuriyo ndiye aliyekuwa mrushaji. Siku moja mpira wao ulifumuka, akatumwa kwa fundi. Deodata aliupokea, akaugeuzageuza, akastaajabu jinsi ule uzi mwekundu ulivyopita juu ya ngozi kwa mishono iliyolala sawasawa kama punje za muhindi. Akamwambia arudi kesho. Alirudi kesho. Akarudi na keshokutwa, mpira ukiwa mzima kabisa, akidai kwamba ameona uzi mmoja umelegea.

Sasa ilitakiwa fulana ya mashabiki. Jumamosi vijana wa Bisibo, ambao nao walifundishwa na Bwana Morita, wangetoka Biharamulo kuja kushindana, na Mwalimu Philbert alitaka uwanja mzima uvae kitu kimoja. Tatizo lilikuwa ni kitu gani. Kwanza Deodata alichora glavu. Kila aliyeiona aliuliza kwa nini timu imejichorea mkungu wa ndizi. Akaandika LUKOLE kwa herufi kubwa. Watu wa vijijini wakakataa, wakasema wakipita barabarani na jina la kambi kifuani watashushwa kwenye gari na kuulizwa vibali. Akataka kuandika NGARA, jina la wilaya. Wale wa kambini wakanyamaza tu, na ukimya wao ulimuuma kuliko kelele za wale wengine.

Mpaka jana, alipokwenda mwenyewe uwanjani, akamwona Ndikuriyo akiinua ule mguu.

"Nilikuona nikasema, huyu ni umusambi," alimwambia sasa, akimgeuzia karatasi.

Ndikuriyo alishusha mguu, akaja mezani. Palichorwa ndege mrefu wa kwenye vinamasi vya mto Ruvubu, mpakani mwa Burundi, amesimama kwa mguu mmoja, lile taji lake la manyoya limechomoza juu ya kofia ya besiboli. Alipitisha kidole juu ya taji lile.

"Nasi tunamwita hivyo hivyo," alisema. "Umusambi."

"Najua. Ndiyo maana nimemchora."

"Hana jina la mahali."

"Hana. Asubuhi anakula kwetu, jioni analala kwenu. Nani atakataa kumvaa?"

Ndikuriyo alicheka taratibu, kisha kicheko kikaisha ghafla.

Walianza kukata chapa. Deodata alikuwa ameomba picha za eksirei zilizotupwa hospitalini, kwa sababu ile plastiki yake ni ngumu, hailowi na rangi. Aliweka mchoro chini, eksirei juu, wakaanza kufuata mistari kwa wembe, yeye akikata shingo, Ndikuriyo akikata miguu.

"Hizi ni mbavu za nani?" Ndikuriyo aliuliza, akiinua plastiki dirishani.

"Sijui. Mgonjwa."

"Msambi wetu atatokea kifuani kwa mtu."

"Hata wewe umo kifuani kwa mtu," alisema Deodata, kisha akaona haya kwa alichokisema, akainamisha uso.

Waliweka chapa juu ya fulana ya kwanza, wakachovya sponji kwenye rangi ya bluu, wakagonga polepole. Walipoinua plastiki, ndege alikuwa pale, kamili, ameinua mguu. Deodata alipiga makofi. Alipogeuka amwone mwenzake anafurahi, alimkuta anamtazama yeye wala si fulana, na macho yake yamejaa maji.

"Kuna nini?"

"Deo, mama amejiandikisha kurudi Burundi."

Sponji ilimponyoka Deodata mkononi. Ilidunda mezani, ikaacha doa la bluu kwenye kitambaa cha mtu.

"Lini?"

"Wanasema zamu yetu ni baada ya masika. Malori yanakwenda kwa zamu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtoto wake pekee aliyebaki. Wadogo zangu wote wawili wamelala Lukole, unajua. Magoti yake hayapandi kilima tena. Nimwache aende peke yake akaanze kulima kichaka?"

Deodata alijaribu kuokota sponji. Ndikuriyo akamshika mkono, rangi na yote, akaushikilia kwa mikono yake miwili.

"Bado kuna masika," alisema. "Jumapili, baada ya mechi, nitakuja kwa baba yako. Nitamwambia mwenyewe. Akikubali, tutajua la kufanya."

"Hatakubali."

"Nitamwambia hivyo hivyo."

Hawakusikia mlango ukifunguliwa. Mzee Gaspari alikuwa ametoka kwenye kikao cha parokia, akapitia ili aongozane na binti yake nyumbani. Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Aliiona mikono kwanza, ndipo akaziona nyuso.

Ndikuriyo aliuachia ule mkono haraka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi, kijana?"

"Lukole, mzee."

"Lukole si kwao mtu yeyote. Nauliza kwenu."

"Muyinga, mzee. Tulivuka nikiwa mtoto."

Mzee Gaspari alitikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti, hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake. "Kibali chako cha kutoka kambini kinaisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mzee."

"Jua linakwenda. Usije ukapata matatizo na wakubwa."

Ndikuriyo alichukua kofia yake. Alipompita Deodata hakumgusa wala hakumwambia kitu, lakini alimtazama, na mtazamo ule ulimfuata msichana njia nzima hadi nyumbani, akitembea nyuma ya baba yake katikati ya migomba.

Baba yake alizungumza baada ya chakula.

"Yule kijana ana adabu," alianza.

Deodata aliinua uso kwa matumaini.

"Na ndiyo maana nasema mapema, kabla hujazama. Hapana, mwanangu."

"Baba, hujamjua."

"Shangazi yako Anjelika, unamkumbuka?"

"Kidogo."

"Aliolewa huko ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Mume alikuwa mwema, sina neno naye. Kisha yakatokea yaliyotokea, na tangu hapo sijui kama dada yangu anakula au analiwa na udongo. Kila wakimbizi walipoingia nilikwenda kusimama barabarani, nikitazama nyuso. Bibi yako alikufa akiniuliza, 'Hujamwona?' Unataka na mimi nife nikiuliza hivyo?"

"Yeye angeweza kubaki huku, baba."

"Nani atamruhusu? Wewe? Mimi?" Mzee Gaspari alifuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Ansbert wa Kanazi, yule anayetaka kukuoa, amenitumia ujumbe tena. Ana kazi Rusumo, wakala wa forodha. Kwao napajua, kwa babu yake napajua. Mtu akitaka kukuona anapanda gari, jioni amerudi."

"Simpendi Ansbert."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa sijui, mwanangu. Nakuambia tu ninachokiogopa."

Deodata alitamani baba yake angefoka, angempiga hata, apate mahali pa kukasirikia. Lakini mzee alikaa tu pale na uso wake uliochoka, na kila alichokisema kilikuwa kweli. Alikwenda kulala akalia na khanga mdomoni, ili mdogo wake asisikie.

Siku zilizofuata alichapa fulana peke yake. Kibali cha Ndikuriyo hakikutolewa tena. Alimtumia salamu kwa Mwalimu Philbert, naye akarudishiwa salamu: Jumapili iko pale pale. Deodata akagonga sponji, akainua plastiki, akatundika fulana kwenye kamba. Akagonga, akainua, akatundika. Ua la parokia likajaa misambi wa bluu wakipepea, na masista walipita wakiwasifia.

Jumamosi asubuhi alifika uwanjani na maboksi juu ya baiskeli ya parokia. Watu walikuwa wameshajaa. Vijana wa Bisibo walikuwa wanateremka kwenye lori lao wakiimba. Mwalimu Philbert alimwona, lakini badala ya kumkimbilia alisimama alipokuwa, akavua miwani na kuanza kuifuta na shati.

"Shikamoo, mwalimu. Zimekauka zote. Ndikuriyo yuko wapi, aje aone?"

"Marahaba." Aliendelea kuifuta ile miwani. "Deodata, binti yangu. Msafara wa kurudi Burundi umewahishwa. Majina yamesomwa jana jioni."

"Majina ya nani?"

Mwalimu alivaa miwani, akageuza macho kuelekea kambini.

"Wameshaondoka?"

"Wanapakia sasa hivi, kule kituoni. Watano katika wachezaji wangu wamo. Deodata, ngoja, nikutafutie mtu wa..."

Alikuwa ameshaangusha maboksi. Alipanda baiskeli, akaiendesha kwenye vumbi jekundu, gauni limekunjwa mapajani, bila kujali nani anamwona. Kila alipokanyaga pedeli alisema moyoni, subirini, subirini, subirini.

Malori yalikuwa yamepangwa foleni, injini zinanguruma. Watu walipanda na magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu, milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Kulikuwa na walioimba na waliolia, na wengine walifanya vyote kwa pamoja. Deodata alipita lori hadi lori akiita. Akamwona Ndikuriyo kwenye lori la mwisho, anamwinua mama yake kwa kwapa ili akanyage ngazi.

"Ndikuriyo!"

Aligeuka. Alimkalisha mama yake juu ya mzigo, akaruka chini. Walisimama wanatazamana, wote wanahema, na katikati yao palikuwa na ile nafasi ya heshima ambayo hata siku hiyo hawakujua namna ya kuivuka.

"Nilitaka kukutumia mtu," alisema. "Hawaruhusu kutoka tena ukishaitwa."

"Ulisema masika."

"Ndivyo walivyotuambia."

"Ulisema Jumapili utakuja kwa baba."

"Deo..."

"Kesho ni Jumapili! Ni kesho tu!"

Ndikuriyo alifumba macho. Deodata akaivuka ile nafasi. Akashika shati lake kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso kifuani pake, akausikia moyo wake ukipiga kama mtu anayegonga mlango uliofungwa kwa nje.

"Nichukue," alisema.

"Nikupeleke wapi? Shamba letu linakaliwa na watu wengine. Mama hajui hata kama tutafika kwetu au tutawekwa mahali pengine. Nikakulaze chini ya turubai tena? Mimi nimezoea. Wewe una baba, una kitanda."

"Sitaki kitanda."

Alimwachia, akaenda kwa mama mmoja mwenye kizibao cha bluu aliyesimama kwenye ngazi ya lori na karatasi zake. "Dada, niandike na mimi."

"Jina lako?"

"Deodata Gaspari."

Mama yule alitafuta, akamtazama vizuri, akaona viatu vyake, akasikia matamshi yake. Uso wake ukalegea. "Wewe ni Mtanzania, mdogo wangu."

"Niandike hivyo hivyo."

"Siwezi. Hata ningetaka. Hapa wanapanda wanaorudi kwao tu."

"Kwao ni wapi? Na mimi anakokwenda huyu ndiko kwetu!"

Mama yule hakucheka wala hakukemea. Alimgusa bega, kisha akaendelea kuita majina kwa sauti iliyopungua nguvu.

Ndipo Esperansia, mama yake Ndikuriyo, alipomwita kutoka juu. Alikuwa amekaa juu ya furushi, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. "Mwanangu, sogea hapa."

Deodata alisogea, akashika ubao wa lori. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeshona mipira."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akija usiku ananieleza mishono." Mama akatabasamu, kisha midomo ikamtetemeka. "Usinichukie. Ningekuwa na magoti ningekwenda mwenyewe, nikakuachia. Nimezika wawili hapa. Huyu nikimwacha, nitakuwa na nini cha kunifanya niamke asubuhi?"

"Sikuchukii, mama."

"Nichukie kidogo," alisema Esperansia. "Nitaelewa."

Lori la mbele likapiga honi. Ndikuriyo alimshika Deodata uso kwa viganja vyake, mbele ya watu wote. "Nitaandika. Kwa anwani ya parokia. Nikifika tu mahali penye posta."

"Na pasipokuwa na posta?"

Ndikuriyo alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mkweli, na wakati ule Deodata alitamani angekuwa mwongo. Akampa busu moja kwenye paji la uso, fupi, kama anayeogopa kuchukua kitu kisicho chake. Akapanda. Lori likajitikisa, likaanza kwenda, na mwanzoni lilikwenda polepole kiasi kwamba Deodata aliweza kutembea kando yake akiwa ameshika ubao. Kisha ikambidi akimbie. Kisha ubao ukateleza vidoleni mwake.

Alibaki barabarani mpaka vumbi likatua.

Aliporudi uwanjani mechi ilikuwa imeshaanza. Mwalimu Philbert alikuwa amewagawia watu fulana. Wanawake walizivaa juu ya magauni, wazee juu ya makoti, watoto zikiwafika magotini. Popote Deodata alipogeuza macho alimwona: ule mgongo, lile goti, ule mguu ulioinuliwa. Uwanja mzima ulikuwa umemvaa, nao haukujua.

Timu ya Misambi ilikuwa inashindwa vibaya. Aliyewekwa kurusha alikuwa dobi wa kijijini ambaye mkono wake haukuwa na shabaha. Mipira ilipita juu, ilipita pembeni, vijana wa Bisibo wakawa wanazunguka vituo huku wanacheka. Mashabiki walizidi kuimba hivyo hivyo.

Deodata alikaa chini kwenye majani, nyuma ya watu. Hakujua amekaa kwa muda gani kabla ya kuona viatu vya baba yake kando yake. Mzee Gaspari hakuwa amevaa fulana. Alikuwa ameishika mkononi, imekunjwa vizuri, kama mtu aliyepewa kitu msibani.

"Mwalimu ameniambia," alisema.

Mzee alijikunja kwa shida, akaketi karibu yake. Alitazama mchezo asioujua, wanaume wazima wanakimbia kwa mzunguko na kurudi walikotoka.

"Angekuwa amesimama wapi?"

Deodata alinyoosha kidole kwenye kile kijilima cha udongo katikati ya uwanja. Baba yake alipatazama.

"Nimekuwa nikifikiri tangu siku ile," alisema. "Sikulala vizuri. Angekuja kesho..." Akalainisha mkunjo wa ile fulana. "Ningemkubalia, angebaki?"

Deodata alimgeukia. Aliona mikunjo ya uso ule, macho yale yaliyokuwa yakisimama barabarani kutafuta dada. Angeweza kusema ndiyo. Angempa baba yake mzigo huo aubebe, yeye apumue kidogo.

"Hapana, baba," alisema. "Asingebaki."

Mzee Gaspari aliitikia kwa kichwa. Gongo lilisikika likipiga mpira, umati ukaguna.

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Siwezi kwenda nyumbani sasa hivi, baba. Miguu haitaki."

"Haya," alisema mzee, akainyoosha ile fulana, akamfunika nayo mabegani. "Basi tukae."